Makubadhi Upande wa Kushoto

Mwenye picha haruhusiwi kusema mpaka wenzake wote wamalize. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya chama cha wapiga picha waliokutana Nyali kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa juu wa mkahawa ambao mwenyewe aliwaachia bure kwa kuwa walinunua chai. Picha zilibanwa kwa vibanio vya nguo kwenye waya uliotandwa kutoka dirisha hadi dirisha. Mwezi ule mwenyekiti wao, Jael, alikuwa ameagiza picha zisizo na rangi. Nyeusi na nyeupe tu, alisema, ili ijulikane nani anajua kupanga vitu ndani ya picha na nani anajificha nyuma ya rangi.

Swabra alikuwa mgeni kuliko wote. Alitoka Mtopanga, alifanya kazi katika duka la kupiga picha za vitambulisho, na kamera alikuwa ameazima kwa tajiri yake, mwenye duka. Picha yake ilimwonyesha mwanamke aliyeketi kitandani, amewapa watazamaji mgongo, amevaa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja. Mtandio ulikuwa umeteleza hadi mabegani na shingo ilikuwa wazi. Mwanga wa dirisha ulimwangukia upande mmoja tu, ule mwingine ukamezwa na giza. Chini, upande wa kushoto karibu na mlango, palikuwa na makubadhi ya kiume ya ngozi, yamekaa sawasawa, ncha zikielekea ndani.

"Hii imetulia," alisema Jael. "Nani anaanza?"

Dishon, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, aliinua kidole. "Mimi ningekata hapa juu. Ukuta umekuwa mwingi, mama wa watu anaonekana kama amezama."

"Ukuta uache," alisema Gedion. Gedion alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa bara aliyezoea pwani, na alipozungumzia picha alisimama mbele yake mikono nyuma kana kwamba anasahihisha mtihani. "Ukuta ndio unaomkandamiza. Mimi nataka kila mtu aniambie jicho lake limeingilia wapi. Langu halikuingilia kwa mama. Limeingilia hapa chini, kwa hivi viatu, halafu likapanda kitandani. Huyu mama hayuko peke yake. Kuna mwanamume humu chumbani, ila sisi hatumwoni. Ukitoa hivi viatu unabaki na mama amekaa, basi. Vikiwepo, kuna hadithi."

"Hadithi gani, mwalimu?" akauliza Dishon.

"Wewe umeoa, usiniulize mimi."

Watu wakacheka. Swabra alikaa akiwa amebana mikono katikati ya magoti. Alitaka kusema kwamba yule ni mamake, kwamba yumo edani, na kwamba yale ni makubadhi ya babake aliyekufa. Lakini kanuni ilikuwa kanuni. Na kadiri walivyoendelea kusema, ndivyo ilivyozidi kumwia vigumu. Walibishana juu ya kivuli cha kitanda, juu ya shingo, juu ya umbali kati ya viatu na mwanamke. Tangu msiba hakuna aliyekuwa amezungumza naye jambo lisilo rambirambi. Hapa watu wazima walikuwa wakitoana jasho kwa ajili ya kitu alichokifanya yeye.

"Haya, Swabra," alisema Jael mwishoni. "Zamu yako."

"Nilitaka tu upande wa kushoto usiwe mtupu."

"Umeviweka wewe?" aliuliza Gedion.

"Ndiyo."

"Na ungevigeuza vielekee nje?"

Swabra alifikiri. "Vingekuwa vinatoka. Nilitaka viingie."

Gedion akapiga makofi polepole. "Mnasikia? Huyu anafikiri." Na alilisema hilo kwa moyo safi kabisa.

Picha ikachaguliwa kwenda kwenye maonyesho. Kabla ya kuishusha, Dishon aliipiga kwa simu, na jioni akaiweka kwenye ukurasa wa chama. Chini yake aliandika maneno matatu yaliyomjia akilini palepale: Huyu anamsubiri nani?

*

Nyumba ya marehemu Mwidani ilitazama barabara, na hapo ndipo palipokuwa na tabu yake yote. Kuta za mbele za majirani zilishavunjwa zikawa maduka ya simu, ya dawa, ya kuku wa kukaanga. Nduguye Mwidani, Abdulghani, alimwambia kwa miaka mingi avunje naye, na Mwidani kila mara alimjibu kwamba hataki kulala nyuma ya duka. Sasa Mwidani alikuwa amekufa, akaacha mjane na mabinti wawili, Swabra na Jalila mdogo, bila mtoto wa kiume. Kwa hiyo, kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, nduguye naye alikuwa na fungu katika nyumba ile. Hilo hakuna aliyelikataa.

"Eda ikisha tutakwenda kwa kadhi," watu wote walisema, na Abdulghani naye alisema hivyohivyo.

Mpaka hapo Mwanatabu, mjane wa Mwidani, alikuwa na amani. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajitii manukato, haonekani na wanaume wasio maharimu wake, na hapana mtu wa kumtoa katika nyumba ya mumewe. Wengine huiona eda kuwa kifungo. Kwa Mwanatabu ilikuwa kufuli, na ufunguo ulikuwa ndani.

Salha, mkewe Abdulghani, alibisha hodi Jumatatu asubuhi akiwa na bakuli la mbaazi za nazi. Swabra alimwamkia, akampokea bakuli. Salha hakwenda chumbani kwa mjane. Aliketi ukumbini, akatoa simu kwenye mkoba.

"Hebu nitazamie, mwanangu, macho yangu haya hayafai tena. Hapa si kwenu?"

Swabra alitazama.

"Maana nilidhani nakosea," Salha aliendelea kwa sauti ya chini, ya upole. "Nikamwambia mtu wangu, hiki si kitanda cha Mwidani? Akaniambia vitanda vyafanana. Nikamwambia, na huu ufa wa ukutani, nao una pacha wake? Akanyamaza."

"Ni mimi niliyepiga, mama. Ni ya chama chetu."

"Mashallah. Nzuri. Na hizi nywele za mamako, chama kizima kimeziona?"

"Uso hauonekani."

"Uso hauonekani, kweli. Na makubadhi haya ya nani?"

"Ya baba."

"Ya baba." Salha alilirudia neno kama mtu anayeonja mchuzi na kutafuta kilichopungua. "Mimi mwenyewe nilifunga mafurushi ya sadaka siku ya khitma. Nguo, kofia, viatu. Nilifunga kwa mikono yangu hii."

Alichosema kilikuwa kweli. Lakini kabla mafurushi hayajatoka, Mwanatabu alikuwa ametia mkono katika moja, akayachomoa makubadhi na kuyaficha chini ya kitanda. Swabra alilijua hilo peke yake.

"Nani huyo?" Mwanatabu aliita kutoka chumbani.

"Ni mimi, dada," Salha akajibu kwa uchangamfu, huku akiirudisha simu mkobani. "Nimewaletea mbaazi. Nakwenda zangu."

*

Siku iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, Abdulghani alikuja na binamu yake Abdulaziz, mtu mzima mpole anayependwa na kila mtu kwa sababu hakuwahi kumpinga yeyote. Waliketi ukumbini. Mwanatabu alikaa chumbani mwake, nyuma ya pazia la mlango, ambako angeweza kusikia bila kuonekana. Swabra aliwaletea kahawa.

"Shikamoo, ami. Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Abdulghani alifungua bahasha ya kaki akatoa picha. Ilikuwa kubwa, imechapishwa kwenye karatasi nzuri. "Nimeitengeneza dukani kwenu," alisema. "Yule tajiri yako, Jacktone, mtu muungwana sana. Amenichagulia karatasi mwenyewe. Akaniuliza kama huyu ni shangazi yako."

Swabra aliisukuma sinia ya kahawa mbele yao.

"Nasikia huko Nyali mwazitazama picha mkazieleza. Nami leo nitaeleza, nikikosea nirekebishe." Aliishika picha kwa mikono miwili, mbali kidogo na macho. "Hapa kuna kitanda. Hapa kuna mjane, mtandio umeshuka. Mlango uko hapa. Na hapa kuna makubadhi. Mtu aliye hai ndiye anayevua viatu akaingia. Maiti viatu vyake havielekei kitandani."

"Nimeyaweka mimi, ami. Wallahi nimeyaweka kwa mkono wangu."

"Kwa nini?"

"Upande ule ulikuwa mtupu."

Abdulaziz alijaribu kwa dhati kuelewa. "Mtupu vipi, mwanangu? Chumba cha mfiwa kijae nini?"

"Si chumba, ami. Picha. Mama amekaa huku, sasa huku kusipokuwa na kitu, picha inalala upande mmoja. Inataka kitu cha kuishika."

Wale wanaume wawili wakatazamana. Hata masikioni mwake mwenyewe maneno yale, yaliyosikika vizuri Nyali, sasa yalikuwa kama uongo wa mtoto.

"Na makubadhi yenyewe yako wapi?"

Kabla Swabra hajainuka, pazia lilisogea. Mkono wa Mwanatabu ulitoka, usio na bangili wala hina, ukayaweka makubadhi kwenye kizingiti na kurudi ndani.

Abdulghani aliyaokota. Aliyajua. Waliyanunua pamoja Mji wa Kale, yeye na Mwidani, wakati wa Idi, kila mtu jozi yake, na kidole gumba cha nduguye kilikuwa kimechimba ngozi ya mguu wa kulia kwa namna ambayo hakuna kidole kingine kingechimba. Kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea, na Abdulaziz alidhani anataka kulia. Alimpenda nduguye. Lakini pia alikuwa amekwisha kuzungumza na fundi wa kuvunja ukuta, na amekwisha kumwahidi mpangaji wa duka. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake pamoja bila kugombana.

"Makubadhi kama haya yavaliwa na nusu ya Mombasa," alisema akiyaweka chini. "Na kama ni yake, basi kuna kitu cha marehemu kilichofichwa. Leo makubadhi. Kesho ni nini, hati ya nyumba?"

Yawe ya Mwidani au yasiwe yake, kila jibu lilimfaa yeye Abdulghani.

"Nikuulize la mwisho," alimgeukia Swabra. "Nimesoma waliyoandika wenzako chini ya picha. Huko walipokuwa wakisema chumbani mna mwanamume, na watu wakicheka, wewe ulijibu nini?"

"Mwenye picha haruhusiwi kusema, ami. Mpaka wamalize."

"Na walipomaliza?"

Swabra aliinamisha kichwa.

"Basi," alisema Abdulghani, bila hasira. "Sikuja kumtoa mtu edani. Mimi ni Muislamu, namcha Mungu. Lakini maneno yametoka, na maneno yakitoka nyumba hutaka mtu mzima wa kuichunga. Salha atakuja kukaa hapa mpaka siku zishe."

Abdulaziz akashusha pumzi. Alikuwa ameogopa jambo kubwa zaidi. "Hilo jema. Hilo jema sana."

"Abdulghani," sauti ya Mwanatabu ilisema nyuma ya pazia.

"Labeka, shemeji."

"Mwaniwekea mlinzi?"

"Nakuwekea mwenzako."

*

Walipoondoka waliiacha picha mezani. Mwanatabu aliiomba. Alikuwa hajaiona, wala hakujua siku ile kama amepigwa. Alidhani Swabra anaijaribu kamera kwenye dirisha.

Aliisogeza kwenye mwanga akaitazama kwa muda mrefu. Swabra alisimama mlangoni akingoja, na kauli yake aliingoja kuliko alivyoingoja ya Nyali.

"Jalila yuwapi?" aliuliza mamake.

"Mama?"

"Alikuwa amelala hapa, kichwa pajani mwangu. Ndiyo maana nimeinama hivi. Nilikuwa namtoa chawa. Yuwapi?"

"Miguu yake ilitokeza pembeni," alisema Swabra. "Nikaikata."

"Ukamkata mtoto, ukatia viatu."

Hakusema kwa ukali. Aliendelea kutazama, akapitisha kidole juu ya ule mstari wa mwanga uliopita begani mwake. "Ni nzuri," alisema. "Sikujua kama nimekonda hivi shingoni." Kisha akaigeuza kifudifudi juu ya godoro.

Picha nzima, ambayo haijakatwa, ilikuwa bado kwenye kamera. Swabra alikwenda dukani asubuhi, akaichapisha kabla Jacktone hajafika, akaipeleka mpaka Utange nyumbani kwa ami yake. Abdulghani alimkaribisha vizuri. Alivaa miwani. Miguu ya Jalila ilionekana wazi, imelegea pembeni mwa mamake kama ya mtoto aliyelala.

"Waona, ami? Walikuwa wawili. Mimi wa tatu."

"Naona." Abdulghani aliitazama picha, akaisogeza, akaitazama tena. "Mtoto amelala."

"Ndiyo."

"Aliyelala haoni kitu, mwanangu." Akamrudishia. "Na makubadhi yangali palepale."

Jioni ile Gedion alipiga simu. Habari zilikuwa zimemfikia kupitia kwa Jael, na Dishon alishaifuta ile picha, ingawa ilikuwa imekwisha kusambaa hadi kwenye simu za wanawake wa chuo cha Kurani mtaani. Sauti ya mwalimu ilikuwa imepungua. "Ungetuambia, Swabra. Tungejua ni mzazi wako, nani angesema vile? Mimi nitakuja niongee na hao wazee. Niwaelezee ni mpangilio tu, ni sanaa."

Swabra alimwona akilini: mwanamume mgeni, viatu vimevuliwa mlangoni, mikono nyuma, akieleza.

"Usije, mwalimu," alisema. "Tafadhali, usije kabisa."

*

Salha alikuja na godoro, jiko la gesi na kuku wawili. Alilala ukumbini, ndani tu ya mlango wa mbele, na funguo akazifunga kwenye pindo la leso. Hakuwa na maneno mabaya. Alipika vizuri, alimsuka Jalila nywele, aliwapokea wanawake waliokuja kumwangalia mjane na kuwaambia amelala. Wakaanza kupungua, kisha wakaacha. Majirani waliopita nje walimwona yeye barazani, wakamsalimia yeye. Jacktone alimwambia Swabra apumzike nyumbani kidogo mpaka mambo yatulie, na hakusema ni mambo gani wala kidogo ni kiasi gani.

Asubuhi moja Mwanatabu alisikia sauti za wanaume barazani, na sauti ya futi ya chuma ikivutwa na kujirudisha. Alisimama, akafika kwenye pazia. Salha alikuwa amekwisha kusimama upande wa pili.

"Rudi ndani, dada. Kuna wanaume."

"Wafanya nini?"

"Wapima tu."

"Abdulghani alisema tungoje eda."

"Eda ni yako, dada, si ya ukuta," alisema Salha, na hata yeye alionekana kuyaonea haya maneno aliyoambiwa aseme. "Nani amekutoa? Umo chumbani mwako, na hapana atakayekugusa. Kaa. Ukitoka watu watasema ulitoka."

Mwanatabu aliliangalia pazia. Kitambaa chepesi, cha maua yaliyopauka. Angeweza kulivuta kwa kidole. Nje palikuwa na fundi, na vibarua wake, na Abdulghani, na barabara nzima ya Mtopanga nyuma yao, na simu katika kila mkono. Alirudi nyuma, akaketi kitandani.

Swabra ndiye aliyetoka. Fundi alikuwa amechora ukuta wa mbele kwa chaki, mistari miwili iliyosimama na mmoja wa kulala juu yake. Abdulghani alisimama kando ya barabara, kichwa amekiinamisha upande, akiipima nyumba ya nduguye kwa macho.

"Ami, mwafanya nini?"

"Njoo, mwanangu. Njoo usimame hapa nilipo." Alimvuta kwa upole begani. "Wewe una jicho, kila mtu anasema. Fundi ataka mlango mmoja mpana, mimi naona miwili. Wewe waonaje?"

Swabra alitazama mistari ya chaki. Aliona, bila kutaka, kwamba mlango mmoja mpana ungekaa vibaya, ungeivuta nyumba yote upande wa nguzo ya umeme. Alifumba mdomo asije akalisema. Fundi alingoja, nyundo begani, kisha akamwangalia Abdulghani, na Abdulghani akaitikia kwa kichwa: haya.

Mle chumbani, pigo la kwanza liliangusha vumbi kutoka kwenye ufa. La pili likamwamsha Jalila. Mwanatabu alimvuta mtoto kifuani, akajisogeza naye hadi kona ya mwisho ya kitanda, akaupandisha mtandio na kuufunga vizuri shingoni, kwa sababu sauti za wanaume sasa zilikuwa zinatoka ndani ya nyumba.